Mgeni Katika Nyumba ya Metimani

Katesh, Jumatatu, 17 Machi 2025

Kwako Wakili Judith, mratibu wetu wa msaada wa kisheria wa kujitolea, ukiwa Babati.

Ninakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Mimi, Renatus Tluway, mwandishi wa barua na maombi ya wananchi hapa Katesh, ninafungua kumbukumbu hizi kwa kutii agizo lako kwamba kila msaidizi aandike anayoyafanya katika masika haya. Kusudi langu ni kukuonyesha hatua zangu kwa mpangilio, ili pale nitakapokosea unisahihishe, na pale nitakapopatia usinisahau.

Shauri nililopewa leo ni hili. Afisa wa uhamiaji, Bwana Gerald, kijana wa adabu ila uso wake haufunguki, aliniita akasema:

"Shikamoo mzee. Kuna mtu mahabusu. Amekutwa anatembea kwa miguu, barabara ya kutoka Balangdalalu, mvua yote juu yake. Haongei. Ukimpata akaongea utakuwa umenisaidia na mimi."

Nilimkuta ameketi, amekunja magoti, kichwa kimenyolewa karibuni. Nilimweleza kwa Kiswahili fasaha kwamba nimekuja kwa hiari, bila malipo. Akanitazama kama mtu anayetazama redio iliyozimwa. Nilichopata ni jina, Handiso, na nchi, Ethiopia. Kisha akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Sikuelewa kama anasalimu au anaomba.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kutwa. Tangu mlima ulipotuteremshia matope mwaka ule, mvua ikipiga bati watu wa Katesh huacha maneno wakasikiliza. Sikwenda popote.

Alhamisi, 20 Machi

Mama Sauda, mwenye duka la nafaka mkabala na meza yangu, mwezi huu wa Ramadhani hupeleka futari kwa mahabusu bila kuuliza dini ya mtu. Leo alirudi na bakuli tupu akicheka hadi akashika kiuno.

"Wewe Mheshimiwa Tafadhali-Rejea! Bubu wako kaongea."

"Amesema nini?"

"Nimempa uji na tambi, kaniambia, 'Asante sana, mathe.' Mathe! Hicho ni Kiswahili cha Nairobi, baba. Shemeji zangu wako kule, nakijua."

Sikucheka. Nilikuwa nimeandika kwa hati nzuri, katika rasimu ya ombi lake, kwamba mwombaji hajui lugha yoyote ya ukanda huu na kwamba ametoka moja kwa moja katika nchi ya mateso yake. Kama alikaa Kenya, kwa nini hakuomba hifadhi huko? Na kama ananificha hili, ananificha mangapi?

Jumatatu, 24 Machi

Leo nilimkabili. Nilisema, "Kijana, msaada wa kisheria haujengwi juu ya ukimya." Akajibu, "Sawa mzee, pole. Waliniambia nikisema Kenya, imeisha." Hakusema ni akina nani waliomwambia.

Maelezo yake ni haya. Alivuka mpaka ndani ya lori, chini ya maturubai. Usiku uliofuata dereva aliona tochi za kizuizi mbele, akaogopa, akawashusha porini wote, kila mmoja akakimbia upande wake. Yeye alitembea usiku ule na mchana uliofuata hadi akaona moshi mlimani, upande wa Balangdalalu. Akaingia katika nyumba yenye msalaba wa mbao juu ya mlango. Hapo akakaa wiki nyingi.

Nikamweleza kuwa sheria inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze mapema, katika juma lake la kwanza nchini, kwa afisa au hata kwa mtendaji wa kijiji, na kwamba akichelewa lazima atoe sababu. "Kwa nini hukutoka?"

"Hawakuniruhusu kutoka."

"Walikufunga?"

"Hapana. Walinishow tu nikae." Akaonyesha viganja viwili vikisukuma hewa chini. "Nikienda kwa barabara, yule mama analia, ananirudisha. Nililima na mzee. Tulipanda maharage."

"Ulilipwa?"

"Zii. Nilikula."

Nyumba yenye msalaba ule naifahamu. Ni ya Pascal, katekista wa kigango, tuliyesoma naye darasa moja. Mwezi Februari alifiwa na mtoto wake wa mwisho, nami nilituma salamu za rambirambi kwa simu.

Nimerudi nyumbani sioni mbele. Mke wangu Lucia ameuliza, "Umekuta nini huko?" Nimejibu kwamba mambo ya mteja ni siri. Akasema, "Haya, kula na siri yako, ugali unapoa."

Jumanne, 25 Machi

Nimeandika ombi kwa Bwana Gerald. Ninanukuu kiini chake: "Mwombaji hakuchelewa kwa hiari yake, bali alizuiliwa nyumbani kwa mtu na kutumikishwa shambani pasipo ujira, hali iliyomnyima fursa ya kujitokeza mbele ya mamlaka." Nimemtaja Pascal. Mkono ulikuwa mzito, lakini sentensi ilisimama wima.

Mama Sauda alisomewa, akapiga meza. "Kumbe watu wa Mungu ndio wamemfanya punda!"

Bwana Gerald alipokea, akasoma mara mbili, akaweka kwenye droo. "Nitaifanyia kazi, mzee." Nilimwona mvivu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Sauda ameleta pilau mezani kwangu, na sahani nyingine amempelekea Handiso. Hakuna kazi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda Balangdalalu. Bodaboda ilinifikisha hadi korongo lilipokata barabara, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi.

Pascal alinipokea mlangoni. Tulisalimiana, nikatoa pole ya mtoto ana kwa ana. Alikaribisha chai. Nikaeleza nilichokuja nacho, kwa tahadhari, bila kutaja ombi langu.

"Mwethiopia?" akasema. "Hapa hakuja mtu, Renatus."

"Ametaja msalaba wa mlangoni."

"Misalaba iko mingi. Nchi hii ni ya Wakristo."

Mkewe Genoveva alikuwa jikoni, kitambaa kimefungwa hadi nyusi. Hakutoka kunisalimu mpaka nilipoaga, na hapo alisema "Shikamoo shemeji" akitazama ardhi. Wakati wa kushuka niliona vitu viwili ambavyo ninaviandika ingawa sijui maana yake katika shauri. Kwanza, kuna njia mpya iliyokanyagwa kwenda kwenye dimbwi la chini, na njia ya kisima cha watu wote imeota nyasi. Pili, shamba la maharage ni kubwa kuliko nguvu za mtu mmoja, na majirani niliowauliza nani alimsaidia Pascal kupanda walisema, kila mmoja kwa wakati wake, "Sisi hatukuwepo." Hawakuwepo wapi? Wanaishi hapo.

Nimeamini kwamba wanaficha kuwa alikaa hapo. Pia nimeamini kwamba Pascal si mtu wa kumfunga binadamu. Imani hizi mbili nimelala nazo kitanda kimoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Homa. Viatu bado vibichi.

Ijumaa, 11 Aprili

Handiso ametoa sababu nyingine ya kukimbia kwao. Wiki iliyopita alisema kaka yake alipigwa risasi katika mkutano, na watu wakaja kumtafuta yeye. Leo anasema shamba la baba lilichukuliwa, njaa ikaingia, akaenda Nairobi kufanya kazi gereji, na kwamba safari ilikuwa ya Afrika Kusini.

Nikafunga kalamu. "Handiso, sheria inamlinda aliyekimbia kuuawa. Aliyekwenda kutafuta kazi ina jina lingine kwa ajili yake. Ipi ni kweli?"

"Zote."

"Haiwezekani zote."

"Mzee, mtu hawezi kuwa na shida mbili?"

Nimepekua vitabu vyangu vya sheria, vile nilivyonunua mnadani, kurasa kwa kurasa, nikitafuta mahali panapomzungumzia mtu mwenye shida mbili. Pengine papo katika vitabu ulivyo navyo wewe.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Bado mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu nimeisali kigangoni Balangdalalu, nikisema moyoni kwamba ninakwenda kuchunguza. Pascal aliongoza njia ya msalaba. Sauti yake ilikuwa ile ile, nzito, ya mtu anayejua anachosoma. Jirani yangu wa benchi alininong'oneza, "Tumshukuru Mungu amerudi. Hata Jumatano ya Majivu hakuwepo. Malaria." Nikamuuliza kama alikwenda kumjulia hali. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Kwenda kule? Wakati ule?" Kisha akafumba macho kusali.

Jumanne, 22 Aprili

Hapa itanibidi niandike kwa kirefu.

Genoveva amekuja Katesh na ndoo ya maharage mabichi. Aliiweka mbele ya meza yangu kama mtu anayeuza, akachutama. Nikampa kiti, akakataa.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Pascal anajua uko hapa?"

"Anajua nimekuja sokoni. Yule kijana anakula?"

Hilo pekee lilikuwa ungamo. Nikasema, "Anakula. Mama Sauda humpelekea."

"Sokoni wanasema umemwandika Pascal. Mimi ndiye niliyemzuia," akasema. "Siyo Pascal. Mwandike Genoveva."

Akaanza kueleza, na kila alipoeleza nilijiona nikiwa mgeni kuliko Handiso. Mtoto alizikwa mchana. Kwa kanisa ilikuwa imekwisha: sala, udongo, msalaba. Lakini Genoveva alishawahi kuzika mtoto mwingine miaka ya nyuma, na mara ile Pascal alikataa metimani, mwiko wetu wa msiba, akasema katekista hawezi. Ndani ya mwaka ule ule akafa ndugu yake Genoveva. Safari hii Genoveva alisema hapana. Wakajifungia kama wazee wetu walivyojifungia: nyumba iliyofiwa haichangii maji na wengine, haiombi moto, haiingii kwa watu wala watu hawaingii kwake, mpaka muda uishe na nywele zinyolewe, ili kifo kisitoke na kumfuata jirani. Kijiji kizima kilijua. Kwa paroko ikasemwa malaria.

"Jioni ile ile ya maziko kijana akatokea," akasema. "Mtu wa hapa akiona nyumba imenyamaza vile, anapita njia ya juu. Yeye akaja moja kwa moja hadi jikoni. Midomo imepasuka. Akaonyesha maji. Shemeji, ungefanyaje? Nikachukua kikombe kilichokuwa karibu. Kilikuwa cha mtoto."

Mama Sauda, aliyekuwa akipima mtama, alisimamisha kibaba hewani.

"Akishakunywa, ameshakuwa wetu. Ningemwachaje aende kwa watu na msiba wetu mwilini? Nikamwonyesha: kaa. Alijaribu kwenda nikalia, akarudi. Ni mtoto mwenye huruma. Kulima alilima, kwa sababu hakuna jirani angeweza kuingia kutusaidia, na mvua ilikuwa imeanza. Chakula tulikula sahani moja. Siku ya kunyoa nilimnyoa mwenyewe. Nikampa koti la Pascal, nikamwonyesha njia ya Katesh. Nilijua serikali iko huku. Nilimwelekeza kwenu."

"Kwa nini hamkumwita mtendaji?"

"Alikuja, akasimama barabarani. Akatupungia mkono, na sisi tukampungia. Kijana naye akapunga."

Tafadhali nisaidie, Wakili. Je, kupungiana mkono na mtendaji wa kijiji kutoka mbali ni kujitokeza mbele ya mamlaka? Ninauliza kwa dhati.

Alipoondoka, Mama Sauda alisema taratibu, "Na wewe si mtu wa kabila hilo hilo, Renatus? Mimi mtu wa kuja ningejuaje. Wewe uliona kisima, ukaona kichwa kimenyolewa."

Nilimjibu kwamba mambo hayo nilidhani yamekwisha. Niliona yote niliyopaswa kuona. Niliyaweka katika sentensi nzuri, na sentensi ile ikamwita mama aliyefiwa mtumikishaji.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemweleza Handiso. Alisikiliza kichwa kikiwa chini.

"Mimi nilidhani wananiogopa, kwamba nina ugonjwa," akasema. "Halafu nikaona na wao hawatoki. Nikasema, hii nyumba yote iko jela."

Kisha akauliza, "Huyo mtoto alikufa lini?"

"Walimzika siku uliyofika."

Akageukia ukutani. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikwenda kwa Bwana Gerald kuomba nirudishiwe ombi langu. Nilijiandaa kukutana na mvivu. Akatoa karatasi kwenye droo, haina muhuri.

"Sijaiingiza kwenye faili, mzee. Nilisoma nikaona kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu ametumikishwa halafu anatoka na koti zuri mwilini? Nikasema barabara imekatika, nisubiri. Lakini sasa barabara imepona."

Akanieleza hali ilivyo. Kesi ya kijana itatajwa Jumatatu tarehe 12 Mei. Bila sababu ya kuchelewa, ombi lake la hifadhi halitasogea. Atahukumiwa kwa kuwapo nchini bila kibali, na mwisho atarudishwa kwao. Sababu inahitaji shahidi. Shahidi atakayesema "alikaa kwangu" atakuwa amekiri kumweka mgeni asiye na kibali nyumbani kwake.

"Na utamshtaki?" nikauliza.

"Mimi nitaandika alichosema. Wakubwa zangu ndio watakaosoma. Wao hawatoki huku, mzee, na mimi sitoki huku. Nitaandikaje metimani wakaelewa?"

Nilipenda kumjibu kwamba kuandika ni kazi yangu. Nikachukua ombi langu, nikaondoka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Ngoma mjini. Nimeandika maelezo ya metimani mara nne, na mara zote yanasomeka kama utetezi wa wachawi. Nimechana.

Jumamosi, 3 Mei

Pascal amefika nyumbani kwangu na matope hadi magotini. Lucia alimpa maji, akayapokea, akashindwa kunywa.

"Umeniandika mimi nimefunga mtu?"

"Niliandika nisichokijua, Pascal. Nimeiondoa barua ile."

"Sasa mke wangu anasema atakwenda kusema. Atasema nini? Kwamba katekista alijifungia miiko, akamwambia paroko ana malaria? Nafundisha watoto komunyo, Renatus! Na wakimweka ndani yeye, nani atawalea wale wawili waliobaki?"

"Kijana atarudishwa, Pascal. Anasema watamwua."

"Unaamini?"

Nilisema, "Naamini siku za Jumanne na Alhamisi."

Alicheka bila kutaka, kicheko cha darasani, kisha akafuta uso kwa kofia. "Ni kijana mzuri," akasema. "Alikuwa ananiamsha kwenda shamba. Nililala kama mfu siku zile, na yeye ndiye aliyenivuta miguu." Akasimama. "Lakini usimpeleke mke wangu. Nimekuomba."

Jumanne, 6 Mei

Mvua imeanza kupungua. Genoveva amepiga simu kwa namba ya Mama Sauda: "Mwambie shemeji aniambie siku tu."

Alhamisi, 8 Mei

Leo nilikwenda mahabusu kuchukua maelekezo ya mteja, kama ulivyotufundisha. Nilimweleza Handiso njia zote mbili, kwa maneno mepesi.

"Usimlete yule mama," akasema.

"Unajua maana yake? Utarudishwa."

"Najua."

"Basi ulinidanganya kuhusu risasi. Mtu anayeogopa kuuawa hasemi hivyo."

Alinitazama bila hasira. "Mzee, mimi naogopa sana. Lakini alinipa kikombe cha mtoto wake. Sasa nimweke jela?" Halafu, nilipofika mlangoni: "Lakini akija mwenyewe, mimi sitasema simjui. Siwezi."

Mama Sauda anasema nimpeleke Genoveva, kwa sababu mtu mzima akitaka kusema ukweli hafungwi mdomo. Lucia anasema nisimpeleke, kwa sababu watoto wawili hawawezi kula ukweli. Bwana Gerald anasema ofisi yake itakuwa wazi Jumamosi hadi mchana, na kwamba yeye mwenyewe angependa shahidi aje na angependa asije. Pascal ameomba. Genoveva anasubiri siku. Mteja wangu amekataa na hakukataa.

Mwezi Machi nilidhani shauri hili lina mtu mmoja aliye hatarini na mtu mmoja mwenye kosa, na kwamba kazi yangu ni kuwatenganisha kwa aya. Sasa sijui nani ni nani. Sijui kama Handiso ni mkimbizi. Najua kwamba kama si metimani, angejitokeza kwa mtendaji katika juma lake la kwanza, na najua yupo mtu mmoja tu aliye tayari kulisema hilo.

Nimeandaa maelezo ya Genoveva kwa lugha yake, bila kuyapamba. Hayajatiwa sahihi. Bodaboda ya kumfuata nimeiweka tayari kwa Jumamosi asubuhi, na inaweza kufutwa.

Wakili Judith, naomba uamuzi wako kabla ya kesho jioni: nimlete, au nisimlete?

Renatus Tluway